Bernadina Lukasi Mdoe na Makaburi ya Kwedigongo

Padri, walimu, majirani wa Masuguru, na ninyi mliosafiri kutoka Misima na Handeni, maneno haya yameandikwa na mume wa marehemu, Bwana Isaka Mhina, kwa mkono wake mwenyewe, na yanasomwa na mdogo wa marehemu, Ndugu Sadala Mdoe, kwa kuwa mume huyo ameona si haki yake kuyasoma, naye ameomba atajwe humu kwa jina lake kama anavyotajwa mtu mwingine yeyote, na asipunguziwe neno.

Marehemu Bernadina alizaliwa tarehe 14 Februari 1938 katika kijiji cha Kwedigongo, wilaya ya Handeni, mwendo wa saa nne kwa miguu kutoka Misima, akiwa mtoto wa kwanza wa Lukasi Mdoe, mchimbaji aliyekuja kutoka upande wa Bagamoyo mwaka 1931 kutafuta kazi, na Chausiku binti Sadala, Mzigua wa Misima, ambaye aliolewa na Mkristo akabaki Mwislamu hadi kufa kwake, na katika nyumba yao kila mtu alisali kwa namna yake na wote walikula chungu kimoja.

Wengi mliopo hapa hamjapata kuiona Kwedigongo, na sasa hamtaiona tena, kwa hiyo ni lazima ielezwe. Kijiji kilianza mwaka 1930 kwa sababu ya ulanga, lile jiwe linalong'aa na kuchanika tabaka kwa tabaka kama kurasa za kitabu. Wanaume walichimba katika mashimo matatu, na wanawake walikaa kwenye banda refu la bati wakiwa na visu vifupi, kidole gumba kimefungwa kipande cha mpira wa baiskeli, wakiyapasua mabonge kuwa majani membamba, na jani lililokubaliwa lilikuwa lile ambalo unaweza kumwona mwenzako kupitia kwalo bila doa wala povu. Nyapara, aliyeitwa Kasmiri, aliliinua kila jani juani kabla ya kulipokea. Majani hayo yalipelekwa Korogwe na kupakiwa kwenye treni ya Tanga, na pale Kwedigongo hakuna aliyejua yanakokwenda, wengine walisema ni madirisha ya ndege za vita, wengine walisema yanawekwa ndani ya redio, naye Chausiku alisema Wazungu wanatengenezewa macho mapya kwa kuwa yale ya zamani yamechoka kuwasimamia watu.

Vumbi la ulanga liliingia nyweleni, kwenye kope, katika mikunjo ya kanga, na wanawake wa banda walipopita njia ya Misima kwenda kununua chumvi waling'aa mwili mzima, wale wa Misima wakikaa barazani wakiwazomea, "Haya, mabibi harusi wa kila siku hao wanapita!", naye Chausiku, ambaye hakuwahi kukosa jibu, akiwarudishia, "Na nyie mliong'aa siku moja tu, mume anawakumbuka?" Bernadina alikuwa akisimulia habari hiyo mpaka mwaka jana, na kila aliposimulia alicheka kabla ya kufika mwisho.

Lipo jambo moja la Kwedigongo ambalo halipo mahali pengine. Sheria ya mgodi ilikataza mtu kutoka na hata kipande cha ulanga, lakini Kasmiri, kwa kugeuza uso wake upande mwingine, alimruhusu kila mfanyakazi achague jani moja tu katika maisha yake, lile zuri kuliko yote aliyowahi kuchimba au kupasua, akalitunze darini, na siku akifa lisimamishwe kichwani pa kaburi lake. Misalaba ya miti ililiwa na mchwa, mawe yenye maandishi hayakuwapo, ila ulanga hauozi wala hauliwi na mdudu, basi asubuhi jua lilipopiga ule mteremko wa mashariki, makaburi yote yaling'aa kwa pamoja, na mtoto wa miaka sita aliweza kukuonyesha kwa kidole yule ni nani na yule ni nani. Yote yatakayosomwa baada ya hapa yanatokana na jambo hilo.

Marehemu alianza shule ya misheni hapo hapo Kwedigongo Januari 1946, akisoma asubuhi, na mchana akikaa chini ya meza za banda pamoja na rafiki yake Mwaija, wakiokota vipande vilivyoanguka. Tarehe 11 Machi 1948, baada ya mvua ya siku tano, Shimo la Tatu lilititia saa tatu asubuhi likafunika watu tisa, sita walitolewa wakiwa wamekufa na watatu hawakutolewa, wamo chini mpaka leo, na majani yao yalisimamishwa mdomoni mwa shimo. Karani wa mgodi aliandika taarifa yake jioni hiyo, na katika taarifa hiyo kulikuwa na namba tisa za kazi na hakuna jina. Lukasi Mdoe, ambaye hakujua kusoma, alimwita binti yake wa miaka kumi, akampa daftari lenye jalada la buluu, akamwambia, "Andika, mwanangu. Karani ameandika namba zao, sisi tuandike majina." Wakaenda mteremkoni, baba akitaja na mtoto akiandika, wakaanzia kaburi la kwanza la mwaka 1932, na kila aliyekufa baada ya hapo aliongezwa. Jina la mwisho kuandikwa lilikuwa la Lukasi mwenyewe, aliyefariki tarehe 2 Agosti 1957 kwa kikohozi, mwaka mmoja baada ya mgodi kufungwa, na baada yake walioachwa wakarudi kwenye kilimo na kuwazika watu wao karibu na kanisa. Majina ni thelathini na moja.

Mwaka 1950 Bernadina, akiwa na miaka kumi na miwili, alipasua jani lake mwenyewe, lenye upana wa kiganja cha mtu mzima, akaliweka katikati ya daftari hilo. Mwaka uo huo alikwenda shule ya kati ya bweni, kisha chuo cha ualimu cha masista, akamaliza Novemba 1956, na tarehe 7 Januari 1957 alianza kufundisha, kwanza Kwedigongo kwenyewe, halafu Handeni mjini, na tangu 1970 Misima. Siku ya Uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, aliwapanga watoto wake mistari minne kwenye kiwanja cha Handeni, na bendera mpya ilipopanda aliwaambia kwamba nchi yenye bendera inapaswa kujua waliokufa ndani yake wanaitwa nani, maneno ambayo mwalimu mkuu wake aliyaona si ya sherehe.

Katika sherehe hizo ndipo alipokutana na Bwana Isaka Mhina, Mshambaa wa Korogwe, mwanafunzi wa Makerere aliyekuwa likizoni, aliyemaliza shahada ya jiografia mwaka 1962 na kuajiriwa Handeni katika ofisi ya serikali iliyoshughulika na ardhi. Alipokwenda kuposa, Juni 1964, alikwenda Kwedigongo kwa mara ya kwanza, nyasi zikiwa ndefu kwa mvua, akiuliza njia nyumba kwa nyumba, na mama mkwe wake mtarajiwa alimpima kwa macho akasema, "Huyu msomi viatu vyake vizuri mno, atafika kweli anakokwenda?" Alipelekwa kaburini kwa Lukasi, akalishika lile jani kwa vidole viwili, akalisifu. Walifunga ndoa tarehe 26 Septemba 1964 katika kanisa la misheni, wakabarikiwa watoto watatu, Lukasi aliyezaliwa mwaka 1965, Chausiku wa mwaka 1968, na Bakita aliyezaliwa hapa Korogwe tarehe 19 Septemba 1974, na tangu mtoto wa kwanza marehemu alimwita mumewe Baba Lukasi.

Baada ya Azimio la Arusha walimu waliombwa kukusanya historia za vijiji vyao, na marehemu aliandika kurasa nane zilizoitwa Mambo ya Kweli ya Kwedigongo, akaeleza mashimo, banda, maafa ya 1948, na majani yaliyoko makaburini. Bwana Mhina ndiye aliyezipiga chapa, kwa vidole viwili, siku tatu mfululizo, mwezi Aprili 1968, akamsifu mkewe kwa uangalifu wake wa tarehe, na nakala moja aliiweka kwenye kabati la majalada ofisini kwake, hatua nne kutoka kwenye kiti alichokalia.

Sasa inafuata sehemu ambayo mume wa marehemu ameomba isomwe polepole.

Mwaka 1974, katika Operesheni ya Vijiji, ofisi hiyo ilipewa kazi ya kukagua maeneo yote ambayo wakazi wake wangehamishwa, na kila eneo lilikuwa na fomu moja yenye safu kumi na mbili, maji, miti, majengo, na kadhalika, na safu ya saba ilikuwa ya makaburi. Maeneo hayakuandikwa kwa majina, yaliandikwa kwa namba, na Kwedigongo iligawanywa katika vipande vitano, mteremko wa mashariki ukiwa H/27. Tarehe 12 Septemba 1974 Bwana Mhina alikuwa na fomu sitini za kumaliza katika siku nne. Hakwenda H/27. Alifungua ramani ya wapima madini ya mwaka 1951, akakuta mahali hapo pametiwa nukta nukta na kuandikwa taka za mgodi, na kwa kuwa alifundishwa kwamba ramani hupimwa na wanaojua, akaandika kwenye safu ya saba, "Makaburi: hakuna. Eneo lina taka za mgodi zinazong'aa, si kizuizi kwa trekta." Mkewe alikuwa Korogwe kwa mama mkwe wake akisubiri kujifungua, na Bwana Mhina alikwenda kumwona Jumamosi ile, wakala pamoja, wakazungumza jina la mtoto, na hakumwuliza. Watu wamemwuliza mara nyingi kama alisahau. Hakusahau. Alijua mkwe wake amezikwa Kwedigongo, na alijua H/27 ni taka za mgodi, na mambo hayo mawili yalikaa ndani ya kichwa kimoja bila kusalimiana.

Watu wa Kwedigongo walihamishwa kwa malori mwishoni mwa mwezi huo, wakapelekwa kijiji kipya kando ya barabara ya Misima, nyumba zao zikaezuliwa ili wasirudi. Chausiku binti Sadala alipanda lori na kuku wake wanne na dirisha moja la nyumba yake, akaketi juu ya dirisha hilo njia nzima, na kwa kijana wa operesheni aliyemharakisha alisema, "Ngoja, baba, mimi si gunia." Alifariki katika kijiji kipya tarehe 8 Mei 1976.

Kila tarehe 11 Machi marehemu alikuwa na desturi ya kwenda mteremkoni kupalilia. Mwaka 1975 alikwenda na Mwaija, mtoto mchanga mgongoni, wakafika saa nne asubuhi wakakuta shamba la pamba la kijiji. Trekta lilikuwa limepita mara mbili. Matuta yalikuwa yamenyooka vizuri, na ndani ya kila tuta mlikuwa mnang'aa vipande vidogo vidogo, vimetapakaa juu na chini, wala hapakuwa na mahali ambapo mtu angeweza kusema huyu yuko hapa na yule yuko pale. Dereva wa trekta, mtu wa heshima, alivua kofia akasema, "Mama, mimi nimeambiwa ni taka. Karatasi inasema taka." Marehemu hakumgombeza. Aliuliza karatasi iko wapi, akaambiwa iko kwa katibu wa kijiji, akaenda, akaonyeshwa, na kabla ya kusoma neno lolote aliiona ile saba yenye mkato katikati, saba ambayo katika wilaya nzima iliandikwa na mtu mmoja tu aliyejifunza kuiandika hivyo chuoni, saba iliyokuwa kwenye kila barua aliyowahi kupokea ya uchumba.

Alirudi nyumbani Handeni jioni, akakuta mumewe anakunywa chai, akafungua kanga, akamimina vipande mezani kando ya kikombe. Mwaija, ambaye yupo hapa leo na anaweza kusahihisha, alisimama mlangoni. Marehemu aliuliza, "Safu ya saba ya H/27 ni mwandiko wa nani?" Bwana Mhina akasema ni wake. Marehemu akasema, "Basi irekebishe." Bwana Mhina akaanza kueleza habari ya ramani, wingi wa fomu, muda, ndipo Mwaija akasema kutoka pale mlangoni, "Shemeji, ulipokuja kuoa uliulizia njia nyumba kwa nyumba. Ulipokuja kutuhamisha hukumwuliza hata kuku." Marehemu alivikusanya vipande akavirudisha kwenye kanga, na tangu jioni ile hakumwita tena Baba Lukasi. Alimwita Bwana Mhina, kwa sauti ya adabu kabisa, mbele ya wageni na bila wageni.

Jambo alilolitaka lilikuwa dogo. Hakutaka mtu afungwe wala afukuzwe kazi, hakutaka shamba ling'olewe, alijua watu wanakula kutokana nalo. Alitaka safu moja ya karatasi moja isomeke kwamba mahali hapo wamezikwa watu thelathini na moja, kusudi siku moja na yeye aruhusiwe kulala karibu na baba yake, kwa sababu mahali pasipoandikwa kuwa na makaburi hapatolewi kibali cha kuzika. Alimwandikia mkubwa wa ofisi tarehe 4 Aprili 1975 na tena tarehe 17 Oktoba, akaambatanisha majina kutoka kwenye daftari, na mara zote mbili alijibiwa kwamba fomu husahihishwa na ofisa aliyeijaza tu. Ofisa huyo alikuwa analala naye chumba kimoja.

Bwana Mhina aliandika barua ya marekebisho mara tatu mwaka ule na mara tatu aliichana. Alijieleza kwamba wakati haukuwa mzuri, kwamba atakayesema operesheni ilikosea hata mahali pamoja angeonekana anaipinga yote, kwamba jina lake lilikuwa linapendekezwa kwa cheo. Hayo yalikuwa kweli. Cheo alikipata, na Januari 1976 familia ilihamia Korogwe, hapa Masuguru, na marehemu akaendelea kufundisha katika shule ya mtaani. Kila mwaka, tarehe 11 Machi, wakati wa chai ya asubuhi, alimwuliza mumewe maneno matatu tu, "Safu ya saba?", naye alijibu, "Bado." Hivyo mwaka 1976, hivyo 1977, hivyo 1978, na mwaka huu pia. Hakupandisha sauti wala hakununa, alimaliza chai yake akachukua chaki zake akaenda darasani, na huko, kama walimu wenzake wanavyojua, siku hiyo watoto wa darasa la tano walikariri majina ya watu wa Kwedigongo ambao hawakuwajua, kuanzia la kwanza hadi la thelathini na moja.

Kikohozi chake kilianza kabla ya hayo yote, lakini kilizidi Novemba 1977. Alitibiwa kifua kikuu kwa mwaka mzima ingawa makohozi yake yalipimwa mara nne na hayakuonekana kuwa na wadudu, alichomwa sindano sitini bila kulalamika, akapungua kilo kumi na moja. Februari mwaka huu, magari mengi yakiwa yamekwenda vitani Uganda, yeye na mumewe walikaa Segera tangu alfajiri hadi saa nane wakisubiri basi la Tanga, naye akashindwa kupanda ngazi ya basi kwa kukosa pumzi, akanyanyuliwa na akina mama wauza machungwa. Daktari aliyempokea huko alitazama picha ya mapafu kwa muda mrefu, kisha akamwuliza alifanya kazi gani utotoni. Marehemu akacheka mpaka akakohoa, akamwambia, "Nilikuwa bibi harusi." Daktari aliandika kwamba ni vumbi, la miaka mingi, na kwamba dawa yake haipo.

Jumatatu ya Pasaka, kitandani, alimwambia mumewe anataka azikwe Kwedigongo. Wote wawili walijua kinachotakiwa. Tarehe 30 Aprili 1979 Bwana Mhina alikwenda Handeni, akaomba jalada, akakaa kwenye kile kiti chake cha zamani ambacho sasa ni cha mtu mwingine, akafuta mstari wake wa 1974 kwa wino mwekundu, akaandika, "Makaburi: thelathini na moja. Kosa ni la aliyejaza, aliyekuwa na taarifa kamili na hakuitumia." Akatia sahihi. Kazi yote ilichukua dakika kumi na mbili. Kalamu, wino na mkono vilikuwapo tangu mwaka 1975.

Jibu lililetwa tarehe 24 Mei. Lilisema marekebisho yamepokewa na kuwekwa kwenye jalada, na kwamba, hata hivyo, kwa kuwa eneo hilo sasa ni shamba la kijiji lililolimwa kwa misimu mitano, na makaburi hayatambulikani tena, kibali cha kuzika mtu mwingine hakiwezi kutolewa. Bwana Mhina alimsomea mkewe barua hiyo yote, hakuruka kitu. Marehemu alisikiliza amefumba macho, kisha akauliza, "Umeandika thelathini na moja?" Akajibiwa ndiyo. Akauliza, "Na wale watatu waliobaki chini, umewahesabu?" Akajibiwa wamehesabiwa. Akasema, "Haya, Bwana Mhina," akageukia ukutani. Kuna watu wamemfariji mume huyu kwa kumwambia kwamba neno hilo lilikuwa la msamaha. Yeye alikuwapo, na hawezi kuthibitisha hivyo.

Bernadina Lukasi Mdoe alifariki dunia hospitalini tarehe 27 Mei 1979, saa nne na dakika arobaini asubuhi, akiwa na umri wa miaka arobaini na mmoja, mikononi mwa Mwaija, wakati mumewe amekwenda kutafuta maji ya moto.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa dawa walizokuwa nazo, na kwa namna ya pekee yule daktari wa Tanga, ambaye kwa swali moja alifanya kazi ambayo mtu mwingine, mwenye majibu yote ndani ya nyumba, hakuifanya kwa karibu miaka kumi na mitano ya ndoa. Inawashukuru walimu waliopokezana vipindi vyake, majirani wa Masuguru waliopika na kulaza wageni, akina mama wa Segera ambao hatuyajui majina yao na tumekosea kutoyauliza, Bwana Ratilal na Bi Urmila wa dukani walioleta kitambaa cheupe cha jeneza wakati kitambaa hakipatikani, na wafanyakazi wenzake Bwana Mhina waliochangia mafuta ya gari. Inamshukuru Mwaija, ambaye tangu jana amekataa kushikana mkono na mfiwa, na mfiwa anamwomba asijilazimishe.

Baada ya hapa mtaelekea makaburini hapa hapa Masuguru. Watoto wa darasa la tano watatangulia, nao watayasema yale majina thelathini na moja kwa kichwa, kama walivyofundishwa, na kwa mara ya kwanza wataongeza la thelathini na mbili. Kisha Lukasi, mwanawe wa kwanza, atalisimamisha kichwani pa kaburi lile jani alilolipasua mama yake mwaka 1950, ambalo limekaa ndani ya daftari la buluu kwa miaka ishirini na tisa bila kuchanika. Padri amekubali kuandika kwenye kitabu cha maziko cha parokia, mbele ya jina la marehemu, kwamba kitu kinachong'aa juu ya kaburi hili si taka. Yeyote atakayetumwa kuja hapa na fomu siku za usoni anaombwa ashuke kwenye gari, na agonge mlango wa nyumba yoyote, aulize.

Pumzika kwa amani, Mwalimu Bernadina, mbali na baba yako, mahali ambapo hukupachagua. Safu ya saba: tayari.